Ligi Imeisha, Nyumbani Je?

Mechi hakuna, lakini maneno ndiyo kwanza yanaanza. Tulipanda hadi Kasulu na Kibondo kusikiliza mashabiki, na wenza wao, wanavyoishi miezi isiyo na mpira.

Muulize mke wa shabiki yeyote ni mwezi gani anaupenda. Atakujibu bila kufikiri: mwezi ambao ligi imeisha. Anaamini kwamba kipenga cha mwisho kikilia, mume atarudi nyumbani saa 12 jioni, wataongea, watapanga mambo yao. Thubutu! Ligi ikiisha ndipo ugonjwa unapoanza rasmi. Mechi ina dakika 90 na nyongeza kidogo. Maneno ya usajili hayana dakika.

Na siku hizi usidhani mgonjwa ni baba peke yake. Akina dada nao wamo, tena wengine wanajua mkataba wa kiungo fulani unaisha lini kuliko wanavyojua mkataba wa nyumba waliyopanga.

Mimi mwenyewe ni shabiki. Timu yangu siitaji, maana nusu yenu mtafunga gazeti hapa hapa. Ila miezi hii ya mapumziko imekuwa ikinishangaza kwa muda mrefu. Mtu hana mechi, hana matokeo, hana msimamo wa kuangalia, na bado anaweza kuzungumzia timu yake kuanzia chai ya asubuhi hadi taa zizimwe. Anaongelea nini hasa? Nikaamua kwenda kusikiliza mahali ambapo Simba na Yanga ni za kusikia zaidi kuliko za kuona: nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Jangwani na Msimbazi.

KIJIWENI KASULU

Kama hujafika Kasulu wakati wa kiangazi, beba koti. Jioni baridi inashuka kutoka milimani, vumbi jekundu linatulia, na watu wanasogea kwenye kahawa. Ni wakati wa mavuno ya maharage, kwa hiyo mifukoni kuna chochote na vichwani kuna mipango mingi.

Kijiwe nilichokaa kilikuwa na fundi cherehani, madereva bodaboda wawili, mwalimu wa sekondari, mzee mmoja mwenye redio ndogo na mama muuza maandazi ambaye ndiye aliyekuwa jaji. Mada ilikuwa moja: nani anakuja, nani anaondoka.

"Mimi msimu huu nataka mshambuliaji mmoja tu. Mmoja!" alisema bodaboda wa kwanza.

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo," mama akamjibu bila kuinua macho kwenye karai. "Na mwaka juzi."

Wote wakacheka, yeye mwenyewe akiwemo. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Miezi ya mapumziko shabiki haishi kwa mpira. Anaishi kwa vitu viwili: matumaini ya msimu ujao na kumbukumbu za misimu iliyopita.

Matumaini yana maumivu yake. Mwaka 2025 mashabiki wa Simba walishuhudia nahodha wao, Mohammed Hussein "Tshabalala", aliyekuwa nao tangu 2014, akivuka barabara na kuvaa kijani na njano. Mwaka mmoja kabla, Julai 2024, alikuwa Clatous Chama aliyefanya safari hiyo hiyo. Chama alifika Msimbazi 2018, akauzwa RS Berkane ya Morocco 2021, akarudi Januari 2022 watu wakalia kwa furaha, halafu akahamia kwa watani wa jadi.

"Huyo ni kama mchumba," fundi alisema huku akikunja kitambaa. "Anaondoka, anarudi, unamsamehe. Kesho unamkuta kwa jirani."

"Jirani alimfuata au yeye alimfuata jirani?" mwalimu akauliza. Mjadala ukawaka upya, maandazi yakaisha.

Usicheke sana, msomaji. Shabiki wa kawaida anajua kanuni: mchezaji akibakiza miezi 6 kwenye mkataba wake, anaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine. Kwa hiyo klabu yenye akili haisubiri miezi 6 ifike. Inamwita mezani mapema, inamuuliza anataka nini. Ni wangapi kati yetu tunaowaita wenza wetu mezani kabla hawajachoka?

SANDUKU LA KUMBUKUMBU

Mzee wa redio alikuwa kimya muda wote. Vijana walipoanza kurushiana matokeo, akapunguza sauti ya redio.

Matokeo yenyewe unayajua. Mtu wa Yanga atakuanzia na 5-1 ya Novemba 5, 2023. Mtu wa Simba atakujibu kwa 5-0 ya Mei 6, 2012. Wa Yanga atarudi hadi Juni 1968, siku Simba ikiitwa bado Sunderland ilipopigwa 5-0. Wa Simba atamaliza mchezo kwa 6-0 ya Julai 19, 1977, siku Abdallah Kibadeni alipofunga mabao matatu peke yake. Hakuna hata mmoja pale kijiweni aliyekuwa uwanjani siku hizo. Wengi hawakuwa wamezaliwa.

Mzee aliacha wamalize. Kisha akasema kwamba yeye hakumbuki ushindi wa watani. Anakumbuka 1979. Simba walicheza na Mufulira Wanderers ya Zambia kwenye Klabu Bingwa Afrika, wakafungwa 4-0 nyumbani Dar es Salaam. Sifuri! Watu wakaona safari ya kwenda Zambia ni ya kukamilisha ratiba tu. Mechi ya marudiano Lusaka, Simba wakashinda 5-0 na kusonga mbele.

"Mimi nilizima redio ya kwanza," mzee alisema. "Ya pili sikutaka hata kuiwasha. Mke wangu ndiye aliyeiwasha."

Kijiwe kizima kilinyamaza. Mzee hakuongeza neno, akanywa kahawa yake.

Nimekuwa nikiifikiria sentensi ile tangu siku hiyo. Kila timu kubwa ina siku zake za namna hii. Simba wana 2003, walipowatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penalti huko huko Cairo, langoni akiwa Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma. Wana pia fainali walizozikosa: Kombe la CAF 1993, walipotoka sare ya 0-0 Abidjan na kufungwa 2-0 na Stella mbele ya watu wao, na Kombe la Shirikisho 2025 mbele ya RS Berkane. Yanga wana 1998, walipokuwa klabu ya kwanza ya Tanzania kufika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na wana jeraha la 2023, walipofungwa 2-1 Dar na USM Alger, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, na kombe likawaponyoka kwa kanuni ya bao la ugenini.

Angalia vizuri, utaona shabiki mzuri anakumbuka yote: ya kujivunia na ya kuumiza. Shabiki mbovu anakumbuka ushindi wake na vipigo vya mwenzake tu. Ndani ya nyumba pia watu wa aina hizo mbili wapo, na unajua mwenyewe umeolewa na yupi.

SIKU WATANI WALIPOKUJA KIGOMA

Kuna kumbukumbu moja ambayo watu wa mkoa huu hawakuipata redioni. Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilichezwa Uwanja wa Lake Tanganyika, mjini Kigoma. Simba na Yanga, ana kwa ana, kando ya ziwa! Yanga walimpoteza Mukoko Tonombe kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, wakakomaa na watu 10, hadi dakika ya 79 Taddeo Lwanga alipopiga kichwa mpira wa kona. 1-0, kombe likaenda Msimbazi.

Kutoka Kasulu hadi Kigoma mjini ni kama kilomita 100. Siku ile magari yaliondoka alfajiri yakiwa yamejaa jezi za rangi zote. Ndani ya gari moja alikuwemo yule mwalimu wa kijiweni, kavaa nyekundu. Kiti cha nyuma yake alikaa binti muuza vitenge sokoni, kavaa njano. Walibishana kwenda, wakabishana kurudi. Kurudi, mwalimu anasema, binti alikuwa ananuna kiasi kwamba ilibidi amnunulie soda. Leo ni mke wake.

Nilialikwa kwao kula: ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, na migebuka iliyotoka ziwani. Ukutani kuna picha mbili za timu, moja kila upande wa mlango. Mtoto wao amevaa fulana nyeupe. "Huyu bado hajasajiliwa," mama yake alisema.

Walipokuwa wachumba utani ulikuwa mtamu. Walipooana ukaanza kuuma. Simba ikifungwa mwalimu hali chakula. Yanga ikipoteza mama hapiki. Kilichowachosha zaidi kilikuwa hela. Miezi ya mapumziko mwalimu alikuwa anahamia kwenye mikeka ya ligi za Ulaya na za mbali zaidi, timu ambazo hata kuzitamka hawezi. Mwaka mmoja, fedha za gunia la maharage alizopewa apeleke benki zikaishia huko kwa wiki mbili.

"Sikugomba," mke alisema. "Nilimwambia, mume wangu, mimi naweza kuishi na mtu wa Simba. Ila siwezi kuishi na mtu ambaye akiahidi, nahesabu kama usajili wa magazetini."

Mwalimu aliniangalia, akaangalia sahani. Hakubisha. Tangu siku ile, aliniambia baadaye akinisindikiza, hela za mavuno zinapita kwenye simu ya mke, na mkeka umekufa.

TIMU YA TATU

Kilichowaokoa kwa upande wa utani kilitoka nyumbani. Mwaka 2023, Mashujaa ya Kigoma, timu ya jeshi, iliitoa Mbeya City kwenye mchujo na kupanda Ligi Kuu. Wazee walifurahi zaidi, maana wao walishazoea kusimulia enzi za RTC Kigoma kama hadithi za kale. Mashujaa hawakuwa wageni wa sifa. Desemba 26, 2018, wakiwa hawajafika hata Ligi Kuu, walikwenda Uwanja wa Taifa Dar es Salaam wakaifunga Simba 3-2 na kuitupa nje ya Kombe la Shirikisho. Aprili 9, 2024 wakarudia, safari hii Lake Tanganyika: sare ya 1-1, kisha penalti 6-5.

"Siku ile ya penalti ulifanyaje?" nilimuuliza mwalimu.

"Nilishangilia," alisema, kama mtu anayetubu. "Sijui ilitokea wapi. Penalti ya mwisho nikajikuta nimemkumbatia huyu."

Mke akadakia: "Ndiyo mara ya kwanza tumeshangilia bao moja kwenye nyumba hii."

Sasa wana sheria yao. Simba na Yanga kila mtu na lake. Mashujaa ni ya wote wawili, na mechi moja kila msimu lazima waende uwanjani pamoja, mtoto akibaki kwa bibi. Nauli na viingilio wanaviweka pembeni kuanzia mwezi wa 7. Hayo ndiyo mazungumzo yao ya mapumziko siku hizi: tutaenda mechi gani?

Sikusema uache timu yako ya mbali. Wengi wetu tumeanza mapenzi na timu hizi kupitia baba, mjomba, au redio ya jirani, na hayo hayafutiki. Ila timu ya mbali unaipenda kwa kusubiri. Ya karibu unaweza kuipenda kwa kwenda. Wawili wanaoishi nyumba moja wanahitaji angalau kitu kimoja cha kwenda pamoja.

SIMU YA KIBONDO

Kutoka Kasulu nilipanda gari kwenda Kibondo. Huku ndiko nilikokutana na mtu aliyenifanya niandike makala hii badala ya kuishia kuchekesha.

Ni muuguzi, umri wake ni miaka 31, mtu wa Yanga damu. Kwa ombi lake simtaji jina wala kituo. Mume wake ni mhasibu Dar es Salaam, mtu wa Simba. Wamefunga ndoa mwaka wa 4 sasa. Ukijumlisha likizo zote, anasema, hawajakaa pamoja hata miezi 6.

Kibondo imejaa watu wa namna yake: walimu, wauguzi, maofisa wa halmashauri, wafanyakazi wa mashirika waliokuja kwa ajili ya kambi za wakimbizi. Mwenza yuko Mwanza, Dodoma, Arusha, Dar. Jioni mji unajaa watu waliobandika simu masikioni.

"Dada, kwetu mechi ndiyo ilikuwa chakula cha usiku," aliniambia. "Mpira ukianza tunapigiana. Yeye anaangalia kwake, mimi naangalia kwangu. Zamani umeme wa jenereta ukikatika, yeye ndiye alikuwa ananitangazia, tena anadanganya kwamba Yanga imefungwa." Tangu 2022, gridi ya taifa ilipofika, haitaji tena mtangazaji. Lakini simu waliendelea nazo. Msimu mzima, mechi za Yanga na mechi za Simba, wiki haipiti bila saa mbili tatu za kuongea, kucheka na kutukanana kwa mapenzi.

Kisha ligi ikaisha.

"Wiki ya kwanza tuliongelea usajili. Ya pili tukarudia yale yale. Ya tatu akapiga, akasema mambo, nikasema poa. Tukanyamaza. Nikaangalia simu, dakika 2 na sekunde kidogo. Nikajiuliza, hivi huyu mtu tukitoa mpira, mimi namfahamu?"

Hakuwa analia. Alikuwa anakunja kanga yake, anaikunjua.

Kilichokuwa chini ya ukimya ule ni neno moja ambalo kijiweni ni tamu na kwao lilikuwa mwiba: uhamisho. Mchezaji anahama na mtumishi naye anahama, neno ni lile lile. Kila mwaka, mwaka mpya wa serikali unapoanza Julai 1, alikuwa anaamini zamu yake imefika. Alishaomba zaidi ya mara moja. Alishatafuta mtu wa kubadilishana naye kituo, njia ambayo watumishi wengi huijaribu: muuguzi wa Dar anayetaka kuja Kibondo, yeye aende kwake. Kila mtumishi anayesoma hapa anajua jinsi mabadilishano hayo yalivyo magumu. Ni sawa na timu ya mkiani kutangaza inataka kubadilishana mshambuliaji na bingwa.

"Tulikuwa tunasema msimu ujao," alisema. "Msimu ujao tutakaa pamoja. Msimu ujao tutapata mtoto. Msimu ujao tutaanza kujenga. Kama yule mtu wa mshambuliaji mmoja."

Nilikuwa nimemsimulia habari za bodaboda wa Kasulu. Alicheka nilipomsimulia. Aliporudia yeye, hakucheka.

TAREHE YA KUFUNGA

Hapa ndipo mpira ulipowasaidia kweli, na si kwa namna niliyotarajia.

Usiku mmoja wa mapumziko walikuwa wanabishana kwenye simu kuhusu mchezaji ambaye klabu yake ilikuwa inamvutavuta. Mume akasema kwa kawaida tu: watamaliza, dirisha likikaribia kufungwa lazima wamalize. Mke akauliza: na sisi dirisha letu linafungwa lini?

Kimya. Lakini safari hii, anasema, kilikuwa kimya cha mtu anayefikiri.

Fikiria na wewe. Kila msimu kuna madirisha mawili ya usajili, kubwa na dogo, na kila moja lina siku ya kufunguliwa na siku ya kufungwa. Kama yangekuwa wazi mwaka mzima, hakuna kocha angejua ana kikosi gani. Hakuna mchezaji angetulia. Kila anayepoteza mechi angesema subirini, kuna mtu anakuja. Tarehe ya kufunga ndiyo inayowalazimisha viongozi kukubali walichonacho na kuanza mazoezi.

Wawili hawa hawakuwa na tarehe. Walikuwa na matumaini tu, na matumaini yasiyo na tarehe yanakula miaka bila kelele.

Walijadiliana kwa wiki nzima. Kulikuwa na maneno makali, hakunificha. Mume alidhani ni wazi kwamba mwenye kuhama ni mke, kwa sababu Dar ndiko kwenye maisha. Mke alimwambia kitu ambacho hakuwahi kumwambia: kwamba anaipenda kazi yake Kibondo, akina mama anaowazalisha wanamfahamu kwa jina, na kinachomchosha ni upweke, si mji. Mume hakujua. Miaka 4 ya ndoa, mechi zote zile, na hakujua.

Waliweka tarehe: Desemba 31. Ikifika uhamisho haujatoka, mume ataanza kutafuta kazi Kahama au Mwanza. Kahama si Kibondo, lakini ni safari ya siku moja kwa basi, wikiendi mbili kwa mwezi zinawezekana. Akikosa kabisa, watakaa chini tena wakiwa na hesabu mbele yao, bila kuambiana msimu ujao. Wamekubaliana pia kwamba simu ya Jumatano haina mpira ndani yake. Mwanzoni ilikuwa ngumu. Jumatano moja waliongelea bei ya mbao dakika 40.

Nilimuuliza kama anaamini mpango utafaulu.

"Sijui, dada. Lakini kwa mara ya kwanza najua nasubiri nini na hadi lini."

WASIO NA DIRISHA

Kabla sijaondoka, rafiki anayefanya kazi na shirika moja la kuhudumia wakimbizi alinikumbusha kwamba mkoa huu una mashabiki wengine. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kupokea Wakongo, na baadaye Warundi nao wakaingia. Humo, alisema, mabishano ni ya TP Mazembe iliyofika fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia 2010, na ya Vital'O ya Bujumbura iliyofika fainali ya Kombe la Washindi Afrika 1992. Kuna vijana wanaozisimulia timu za miji ambayo wazazi wao waliikimbia na wao hawajawahi kuiona. Hawawezi kupanga tarehe ya kufunga dirisha lao, kwa sababu funguo hawanazo wao.

Naliandika hili kwa sababu moja. Mimi na wewe, wenye mishahara midogo na mabosi wagumu, bado tunaweza kukaa mezani na mwenza wetu tukachagua tarehe. Si kila mtu ana bahati hiyo.

MAMBO 5 YA KUFANYA KABLA LIGI HAIJAANZA

1. Pimeni simu zenu. Ukitoa mpira, tamthilia na watoto, mnabakiwa na dakika ngapi za maongezi? Msiogope jibu.

2. Itaneni mezani mapema. Usisubiri mwenzako abakize miezi 6. Muulize anachotaka, halafu nyamaza umsikilize. Jibu linaweza kukushangaza, kama lilivyomshangaza yule mhasibu.

3. Wekeni bajeti ya ushabiki kwa maandishi. Jezi, viingilio, nauli. Mkeka usiguse hela za mavuno, kodi wala ada.

4. Tafuteni timu ya tatu. Si lazima iwe ya mpira. Kwaya, bustani, timu ya mtaa, chochote ambacho bao likiingia mnashangilia wote wawili.

5. Chagueni ndoto moja mnayoiahirisha kila mwaka, mkaiwekee tarehe. Iandikeni ukutani, kati ya picha za timu zenu.

Miezi ya mapumziko ni mifupi. Kwa kawaida mwezi wa 8 Simba Day na Wiki ya Mwananchi huwasha moto upya. Mwaka 2025, CHAN ilipochezwa hapa kwetu, mambo yalisogea hadi Septemba, mashabiki wakaona kama mwaka mzima umepita. Jezi mpya zitatoka, wageni watatambulishwa kwa vifijo, na kila mtu ataapa kwamba kikosi cha safari hii hakina mpinzani. Tutaamini tena, kama tunavyoamini kila mwaka, na hiyo ndiyo raha yake.

Lakini kabla hujavaa jezi, kuna swali la muuguzi wa Kibondo. Geuka umuulize aliye karibu nawe, au mpigie aliye mbali: sisi, dirisha letu linafungwa lini?